Moli Ifundishwe kwa Mizani

Wanafunzi wa kidato cha tatu katika Migori na Homa Bay, wafikapo kwenye mada ya moli, aghalabu hukabidhiwa kanuni ya kugawanya na kuzidisha kabla ya kuelezwa ni kitu gani kinachohesabiwa. Na kwa kuwa kanuni isiyofahamika ni mzigo kwa akili, wengi huihifadhi mpaka siku ya mtihani, kisha huiaga pamoja na kemia yote. Kasoro hiyo, kwa yakini yangu, si ya watoto bali ni ya ufundishaji.

Moli ni idadi. Kama vile mchuuzi wa omena pale Mbita asivyowahesabu samaki wake mmoja mmoja bali huwapima kwa gorogoro, kadhalika wataalamu, walioona kwamba atomi hazihesabiki kwa udogo wake, walijiwekea kipimo, ambacho tangu mwaka 2019 ni chembe 602,214,076,000,000,000,000,000 kamili. Nacho hupatikana kwa mizani: gramu 12 za kaboni, 18 za maji, 197 za dhahabu na takriban 201 za zebaki, kila fungu ni moli moja.

Huko Macalder, katika eneo la Nyatike kaunti ya Migori, ambako dhahabu ilichimbwa tangu zama za ukoloni, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili iishike dhahabu, kisha huchoma donge lile mpaka zebaki ipae. Mwanafunzi wa Nyatike aliyeielewa moli ataweza kukokotoa mwenyewe kwamba gramu moja tu ya zebaki, ambayo ni kitone kidogo, ikigeuka mvuke hutawanya atomi zipatazo bilioni bilioni 3,000 katika hewa wanayoivuta walioketi kando ya moto, wakiwamo mama na watoto wao. Hesabu hiyo ina faida kubwa kuliko maksi, maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka serikali zipunguze zebaki migodini, na agizo la serikali husikizwa zaidi na mtu anayejua sababu yake.

Basi nawasihi walimu, kabla ya kuandika kanuni yoyote ubaoni, wawapimishe wanafunzi kwa mikono yao mililita 18 za maji, gramu 58.5 za chumvi na gramu 342 za sukari, wala wasithubutu kuleta zebaki darasani, kwani ni sumu. Na wakuu wa shule ambazo maabara zake hazina mizani, waitangulize katika bajeti ya muhula ujao.