Waliotoka Mkongeni Ndio Waliokwenda Mueda

Hapa Mnyambe bado wako watu wanaosema "yule Mmawia" kwa midomo ya dharau, kana kwamba Mungu ndiye aliyechora mpaka katika maji ya Ruvuma. Sisi twasema dharau hiyo ikome ndani ya Chama, na sababu yetu ni tarehe 16 Juni 1960.

Wamakonde wa Msumbiji walivuka kwa maelfu kuja Tanganyika, wakikimbia pamba ya lazima na kazi ya shokoa. Wakakata mkonge Lindi na Tanga. Huku wakaona TANU ikihutubia mikutano ya hadhara, na Mwafrika akisimama mchana kweupe kudai uhuru wake. Waliporudi kwao hawakurudi na nguo tu. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane walitoka Tanganyika wakaenda Mueda kusema na Mreno kwa amani. Gavana akaja mwenyewe. Wawili hao wakakamatwa mbele ya umati. Watu walipozuia wasichukuliwe, askari wakafyatua bunduki. FRELIMO imesema kwamba waliouawa ni 600. Wako waandishi wanaotaja idadi ndogo zaidi. Sisi hatugombei hesabu. Watu walikwenda kusema, wakajibiwa kwa risasi.

Wala mchezo huu haukuanzia kwetu. Wahispania kule Manila waliwahitaji Wachina kwa biashara na ufundi, kisha wakawaogopa. Mwaka 1639 Wachina waliolazimishwa kulima Calamba, wakifa kwa maradhi na kukamuliwa kodi, waliasi. Wakauawa maelfu kwa maelfu, hata wasiokuwamo. Mkoloni hutaka mikono ya mgeni, hataki kinywa chake!

Lakini Mueda haikuishia kaburini. Mwaka 1962 MANU, chama cha hao hao wahamiaji, kiliungana na vingine viwili Dar es Salaam, ikazaliwa FRELIMO. Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Tangu vita vya Cabo Delgado vilipoanza mwaka 2017, watu wamevuka tena Ruvuma wakikimbia wauaji. Twasikia wenzetu wakiuliza wageni hao wana kitambulisho gani. Swali la usalama ni halali, hatulipingi. Ila liulizwe baada ya maji na ugali.

Twalitaka tawi letu liwaalike wazee waliotoka ng'ambo ile, au watoto wao, waisimulie Mueda mkutanoni kila tarehe 16 Juni, na katibu aandike. Wanapungua kila masika.