Tani Ngapi Kabla ya Faida?

Taarifa ya faida na hasara ya kiwanda cha mkonge huanza na mauzo, ikatoa gharama za mauzo, kisha za utawala, hadi kufikia faida ya mwaka. Mpangilio huo unamtosha mkaguzi. Haumwambii mkulima wa Kabuku wilayani Handeni, wala wa Magoma na Ngombezi wilayani Korogwe, jambo analohitaji zaidi: kiwanda kinachonunua majani yake kiko karibu kiasi gani na hasara.

Ili kulijua, gharama hupangwa upya kwa tabia yake. Singa, yaani nyuzi za mkonge, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge, hivyo tani moja ya singa huhitaji tani 25 hivi za majani. Bei ya majani hayo, malori yanayoyabeba na dizeli ya korona, mashine inayotenganisha singa na jani, hupanda na kushuka kulingana na tani zinazozalishwa. Mshahara wa meneja, ulinzi, bima na uchakavu wa korona hubaki palepale hata mitambo ikisimama.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Tani huuzwa shilingi milioni 4, na gharama zinazobadilika ni milioni 2.4. Inayobaki, milioni 1.6, ndiyo mchango wa kila tani katika kulipia gharama za kudumu. Gharama hizo zikiwa milioni 960, kiwanda hujilipa kikiuza tani 600; hicho ndicho kizingiti chake. Kikiuza 800, faida ni milioni 320, na mwenye kuisoma taarifa hujiona salama. Bei ikishuka kwa asilimia 10 tu, mchango huwa milioni 1.2, kizingiti hupanda hadi tani 800, na faida yote hutoweka. Mkonge umewahi kupigwa hivyo: Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 mwaka 1964, kisha nyuzi za plastiki zikaibomoa bei katika soko la dunia.

Hatari nyingine imo ghalani. Kanuni za hesabu hutaka gharama za kudumu za uzalishaji zigawanywe kwa kila tani, hata ile ambayo haijauzwa. Kiwanda hichohicho kikizalisha tani 1,200 na kuuza 800 kwa bei ya awali, kila tani hubeba laki 8 za gharama za kudumu, na faida huandikwa milioni 640. Imeongezeka maradufu bila tani moja zaidi kuuzwa. Milioni 320 za gharama za kudumu zimehamia kwenye marobota yasiyo na mnunuzi. Hesabu ya mchango huzikata gharama za kudumu zote mwaka uleule, na faida hubaki milioni 320. Kiwanda kikiwa cha ushirika, wanachama wanapogawana ziada, wanastahili kuonyeshwa namba hii ya pili.

Hesabu hii ina mipaka. Majani yakizidi uwezo wa korona moja na ya pili ikanunuliwa, gharama za kudumu huruka ghafla, na kizingiti hukokotolewa upya.