UKURASA WA FAMILIA: Tukitaka kupanda Mlima Kigali

Mwezi uliopita tuliongea juu ya watoto wanaokataa kuamka kwenda shule, na nimepokea karatasi nyingi, asanteni sana. Lakini karatasi moja haikuwa ya mambo ya shule. Mama mmoja wa Mahama II aliniandikia hivi, nami nimeifupisha kidogo:

"Mama wa ukurasa, watoto wangu wanne wote wamezaliwa kambini, watatu Gihembe na mdogo hapa. Kongo wanaisikia kwa mdomo tu. Niliambiwa kwamba ukipanda Mlima Kigali unaona volkano zetu, karibu na kule kwetu Rutshuru. Nataka kuwapeleka likizo ya mwezi wa saba. Baba yao anasema pesa ya chakula haitoshi, na mimi nawaza kwenda kutazama milima. Je, nimekosa akili?"

Mama, akili unayo. Ila mwezi wa saba, hapana! Nasema hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, kwa nauli ya watu sita.

Ilikuwa mwaka 2023. Tulimpeleka baba mkwe wangu Kigali kupimwa macho. Yeye ni mtu wa Masisi, alitoka huko mwaka 1996 akiwa na ng'ombe saba, akafika upande huu bila hata mmoja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, ule ugonjwa wa mtoto wa jicho. Tukasema, kwa kuwa tuko Kigali na watoto wako likizo, tumpandishe Babu mlimani kabla macho hayajafunga kabisa, atazame upande wa kwao. Tukamlipia pikipiki, sisi wengine tukapanda kwa miguu. Saa tano tulikuwa juu. Tukageukia kaskazini-magharibi, na huko kulikuwa na rangi moja tu, kama maziwa yaliyochanganywa na majivu. Babu alisimama muda mrefu ameshika fimbo yake, halafu akauliza: "Hii ni vumbi ao ni macho yangu?"

Hatukujua tumjibu nini, maana tukisema ni vumbi ataona tunamdanganya. Mwanangu wa mwisho ndiye aliyemjibu: "Babu, hata mimi sioni kitu." Basi tukashuka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwezi wa sita hadi wa nane ni kiangazi, na wengi wetu tunafikiri kiangazi ndicho wakati wa kuona mbali kwa sababu hakuna mvua. Ni kinyume chake. Vumbi la barabara na moshi wa majani yanayochomwa na wa majiko unakaa hewani wiki nzima, wala hakuna mvua ya kuushusha. Kutoka Mlima Kigali hadi Karisimbi ni kama kilomita 85 kwa mstari wa ndege. Hewa chafu ya kilomita 85 inatosha kuficha mlima wa mita 4,507. Siku ya kuona ni asubuhi inayofuata usiku wa mvua, wakati hewa imeoshwa na mawingu mapya hayajapanda. Tuseme tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili, basi. Jua likipata nguvu, mawingu yanakusanyika kwenye volkano kabla ya mahali pengine popote.

Kutokana na hilo, huwezi kutoka Mahama alfajiri ukategemea kuona volkano siku hiyo hiyo. Ukishuka Nyabugogo au Remera tayari ni mchana. Lazima mlale Kigali kwa ndugu, na kulala kwa ndugu na watoto wanne, mnajua wenyewe, hakupangwi kwa simu ya jana. Mpelekee hata maharage kidogo.

Tuje kwenye tarehe. Likizo ya Pasaka inaangukia wakati wa mvua, hewa ni safi, lakini iangalie kalenda. Wiki ya tarehe 7 hadi 13 Aprili nchi hii iko katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Sio wiki ya kupanda mlima na vyakula na picha. Sisi tuliopokelewa hapa, na sisi tuliozika watu wetu, hilo halihitaji kufafanuliwa. Likizo ya Noeli kwangu mimi ndiyo nzuri kuliko zote, mvua za vuli zinakuwa zimetoka kuosha hewa. Tena epuka Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ni siku ya umuganda, asubuhi magari na maduka yanasimama hadi karibu saa tano, na kumbuka saa zile ndizo unazozihitaji wewe.

Kuhusu pesa, sitamkosesha baba wa watoto heshima yake. Pesa ya chakula usiiguse. Mtoto aliyelala njaa ukimwonyesha Karisimbi atakuuliza kama inaliwa. Lakini kuna familia chache hapa ambazo hazifiki Kigali kabisa kwa mwaka mzima. Kuna rufaa ya hospitali, kuna karatasi za kufuata, kuna mtoto wa kurudisha shule ya bweni. Mama, ungojee safari ambayo mngeifanya tu, uongeze asubuhi moja. Hizo nauli za watoto ziweke pembeni kidogo kidogo, kwenye likelemba yenu au ikimina, kuanzia sasa. Hata wale ambao safari yao ya Marekani ilikatika mwezi wa kwanza 2025, na sanduku wakalifungua tena, wengine walisema wazi kwamba kilichowauma kimoja ni kuwa walipita Kigali mara tano kwa ajili ya mahojiano na hawakuwahi kuinua macho.

Kabla ya kutoka, omba ruhusa ofisi ya kambi, na kila mkubwa abebe kitambulisho chake cha mkimbizi. Watoto waandikwe kwenye karatasi ya familia utakayoibeba. Chakula usikifunge ndani ya sashe, ile mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu mwaka 2008. Viazi vitamu na mandazi vinakaa vizuri ndani ya kitambaa au majani ya mgomba. Na maji, jamani, maji bebeni ya kutosha.

Ukiwa mjini Kigali, unapanda basi la Nyamirambo. Mabasi yale ni ya kadi, hawapokei noti mkononi, kwa hiyo azima kadi ya mwenyeji wako uijaze. Mtapita uwanja wa mpira, ule uliokuwa Stade Régional na tangu 2023 unaitwa Pelé. Nyamirambo usiogope lugha. Kiswahili kinasemwa pale na Biryogo tangu enzi za wazee, kabla hakijawa lugha rasmi ya nchi hii mwaka 2017. Ukiuliza njia utajibiwa.

Kutoka mwisho wa basi kuna njia mbili. Barabara ya pikipiki inazunguka. Kwa mtu mmoja ni nafuu, lakini motari haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria mmoja, kwa hiyo familia ya watu sita ni pikipiki sita. Njia ya pili ni ya miguu, na mwanzo wake ni ngazi za mawe zinazopanda katikati ya nyumba za watu, na mtaro wa maji ubavuni. Ngazi hizo hazikupimwa kwa rula. Moja inafika kwenye kifundo cha mguu, inayofuata inafika gotini. Za kushikilia hakuna. Binti yangu alizihesabu, alipofika mia na kitu akagombana na kaka yake akapoteza hesabu. Baada ya ngazi kuna njia ya udongo mwekundu ndani ya mikaratusi. Kambambili ziacheni nyumbani, hasa kama mvua imenyesha, na nimeshasema kwamba mvua ndiyo tunayoitaka. Juu kuna sehemu ya watu binafsi yenye farasi na michezo, ile ni ya kulipa. Kutazama hakuhitaji farasi. Mkikuta walinzi, salimieni, ulizeni mnaruhusiwa kusimama wapi na kupiga picha upande gani.

Mwezi wa kumi mwaka ule ule Babu alipasuliwa jicho la kulia. Siku mbili kabla ya mwaka mpya tulikuwa tena Kigali kwa ajili ya daktari kumwangalia, na usiku mvua ikapiga mabati mpaka tukakosa usingizi. Saa kumi na moja ikanyamaza. Nikamwamsha mume wangu. Kumbe Babu alikuwa ameshavaa viatu.

Pikipiki aliikataa. "Mwezi wa saba nilibebwa kama gunia, nikaona vumbi." Mume wangu alibishana naye pale barabarani hadi nikaona aibu. Mwisho tukakubaliana kwamba atapanda ngazi, lakini mjukuu mmoja atakuwa mbele yake na mwanawe nyuma yake, na yeye ndiye atakayesema tupumzike wapi. Hilo nawashauri wote wenye mzee: mzee ndiye awe na saa mkononi, wala msimsukume. Tulikuwa tumepanga nusu saa. Ngazi zile zilitutafuna saa nzima na zaidi. Katikati aliketi kwenye jiwe lenye maji, na mama mmoja wa nyumba ya pale, aliyekuwa anafagia, akatoa kiti. "Shikamoo mzee wangu, mnaenda kuomba?" Babu akamjibu: "Hapana mama, naenda kusalimia."

Mimi moyoni nilikuwa nahesabu dakika. Mwanga ulikuwa umeshafunguka, mji wote chini yetu unang'aa, na upande wa pili bonde la Nyabarongo limejaa ukungu mweupe kama pamba. Nikasema tena tumechelewa.

Tulifika juu saa mbili kasoro kidogo. Muhabura ilikuwa wazi, upande wa kulia, yenye ncha, unaitambua bila kuambiwa. Kushoto, mahali pa Karisimbi, lilikuwa wingu. Babu akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaangalia. Akafunika la kulia, akaangalia. Akarudia. Halafu akasema: "Lile wingu la chini halitembei." Sisi tulikuwa hatujaona. Kweli, mawingu yote yalikuwa yanasogea, ila kipande kimoja cha rangi ya buluu iliyofifia kilikaa pale pale. Lilikuwa bega la Karisimbi. Kichwa chake kilitoka baada ya hapo, sijui dakika tano, sijui kumi, kisha kikafunikwa tena.

Mwanangu wa mwisho akasema: "Ni kadogo hivi?" Babu alikasirika kabisa! Akamwambia kule chini yake ukitaka kuona juu shingo inavunjika. Akawaweka watoto mstari mmoja, akanyoosha fimbo. "Masisi siyo pale. Masisi ni kushoto zaidi, nyuma, huwezi kuiona, lakini macho yakipita pale pembeni yanaenda huko." Akawatajia vilima, na maji ambako ng'ombe zilikunywa, na jina la kila ng'ombe kati ya wale saba. Majina hayo mimi nilikuwa sijawahi kuyasikia, na nimekaa katika nyumba yake miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo Mama wa Mahama II, sikuahidi kitu. Unaweza kulala Kigali usiku mbili, ukapanda ngazi zote, ukakuta wingu. Watoto waambie hivyo kabla, wasije wakaona umewadanganya. Waambie pia kwamba hata siku ya bahati wataona vichwa tu vya milima, na kwamba zipo upande wa huku na upande wa kule, mpaka unapita juu yake. Karisimbi yenyewe inagawanyika kati ya Rwanda na Kongo, Mikeno iko Kongo kabisa. Wewe wa Rutshuru usiwaonyeshe kushoto kama sisi wa Masisi. Kwenu ni nyuma ya safu yenyewe, katikati ya Karisimbi na Muhabura, karibu zaidi na Muhabura. Babu ameniambia nisisitize hilo, anasema watu wa Rutshuru wanapenda kupotea.

Yeye amechora safu nzima juu ya katoni ya mafuta, kutoka Karisimbi hadi Muhabura, na majina yake kwa mkaa. Iko nyumbani kwangu ukutani. Watoto wako waje wainakili kabla ya Noeli, siku yoyote baada ya saa tisa, akiwa ameamka. Waje na karatasi na penseli, hapa kwangu zimeisha.