Uvimbe wa taya: Si saratani, lakini kuusubiri ni hasara

Jino linaanza kucheza. Linang'olewa, mgonjwa anapewa dawa na kurudi nyumbani. Miezi inapita, shavu linazidi kutuna, ila maumivu hakuna. Kwa kuwa haumwi, haoni haraka ya kurudi hospitali.

Hapo ndipo ameloblastoma hupata nafasi ya kukua. Uvimbe huu hutokana na seli za aina ile inayotengeneza tabaka gumu la nje la jino. Duniani ni nadra, lakini hospitali za Afrika zinazotibu taya huupokea mara kwa mara. Visa vingi, takriban 8 kati ya 10, huwa kwenye taya la chini.

Kuambiwa "si saratani" ni habari njema, lakini huwapoteza wengi. Ni mara chache sana uvimbe huu kusambaa mwilini. Kazi yake ni kula mfupa polepole, mpaka meno yalegee na uso upinde.

Kwa macho tu, ni rahisi kudhani ni jipu la jino. Eksirei huonyesha mfupa ulivyoliwa, lakini jibu la uhakika hutoka maabara, baada ya kipande kidogo cha uvimbe kukatwa na kupimwa.

Tiba nayo ina mtego. Kukwangua uvimbe ni upasuaji mdogo na taya hubaki, lakini mara nyingi uvimbe hurudi, wakati mwingine baada ya miaka 10. Ndiyo maana wapasuaji wengi hukata pia sentimita 1 hadi 2 za mfupa mzima kuuzunguka. Pengo huzibwa kwa bamba la chuma, au kwa mfupa uliotolewa nyongani au mguuni.

Upasuaji mkubwa wa taya hufanyika Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa anayetoka mkoani, nauli, malazi na siku za kukaa bila kazi ni bili nyingine.

Mwaka 2014 watafiti waligundua kuwa nyingi ya ameloblastoma hizi zina hitilafu kwenye jeni iitwayo BRAF. Dawa zinazoilenga zimepunguza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa, ila ni ghali na bado si tiba ya kawaida.

Kwa sasa, pa kuokoa taya ni pale pale jino linapong'olewa. Jino likicheza bila sababu, au shavu likituna bila kuuma, eksirei moja mapema inaweza kuzuia upasuaji mkubwa baadaye.