Acheni Kuweka Distoshoni Mwishoni

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala malalamiko kuhusu hifadhidata. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya sauti.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mchana naandika programu na usiku nacheza na sinthesaiza ya moduli. Kwa wageni: hiki ni chombo kisichokuja kikiwa kimeunganishwa. Unanunua kipande kimoja kimoja, unakifunga kwenye fremu, kisha unapitisha waya vile unavyotaka. Osileta inatoa wimbi. Kichujio kinapunguza masafa usiyoyataka. VCA inaamua sauti iwe kubwa kiasi gani, ikiongozwa na volti. Vipande vya watengenezaji mbalimbali vinaingiana kwa sababu wengi wanafuata mfumo wa Eurorack, ulioanzishwa na Dieter Doepfer wa Ujerumani katikati ya miaka ya 1990. Naipenda kwa sababu ni kama programu: kila kipande ni funksheni, na kinachotoka hapa ndicho kinachoingia pale.

Sasa hasira. Kuna ushauri unaozunguka kati yetu sisi wachache tunaocheza na vitu hivi: "Distoshoni huwekwa mwishoni. Ikitoa sauti mbaya, nunua nyingine." Nasema ushauri huo ni mbovu kuanzia kichwani hadi kwenye kidole cha mguu. Na ubovu wake unatolewa mfukoni.

Nauliwa na ushuhuda wangu mwenyewe. Mwaka jana nilichukua mkopo wa sacco, nikaagiza moduli ya distoshoni kutoka ng'ambo. Nikalipa bei, nikalipa usafiri, nikalipa ushuru. Nilikuwa nimemwahidi binamu yangu sauti za onyesho lake la densi, na zilikuwa zimebaki siku tisa. Nikaichomeka mwishoni kabisa, kama nilivyoambiwa. Nikapiga noti tatu kwa pamoja. Kikatoka kitu kama spika ya matatu iliyopasuka. Noti zote tatu zilikuwa zimezama kwenye matope.

Rafiki mmoja akasikiliza, akatikisa kichwa: "Ndugu yangu, hiyo ni ya bei rahisi. Tafuta ile ingine." Ile ingine ilikuwa mara mbili ya bei. Nusura nirudi sacco.

Kabla ya kurudi, nikaipeleka kwa fundi mmoja pale Luthuli Avenue, mzee anayetengeneza amplifaya tangu sijazaliwa. Akaipima, akanitazama.

"Kijana, hii haina shida. Ulikuwa unaingiza nini?"

"Sauti yote, mzee."

"Basi imekurudishia yote."

Nilitoka pale nikiwa na aibu ya mtu mwenye digrii. Kwa sababu hesabu yake niliisoma chuoni, na nilikuwa nimeisahau.

Tazameni. Chukua wimbi la sini, lile laini lisilo na kona, lenye Hertz 440. Lina masafa hayo tu. Sasa likate vilele vyake juu na chini sawasawa, ndiyo kazi ya distoshoni ya kawaida. Wimbi linaanza kufanana na mraba, na ghafla kuna masafa mapya: 1,320, yaani mara tatu, 2,200, mara tano, na kuendelea. Hizi ni hamoniki. Zinakubaliana na noti yako kwa sababu ni mafungu yake kamili. Sikio linasikia noti ileile, ila imenenepa na imeota meno.

Lakini ingiza noti mbili, A ya Hertz 440 na C kali ya 554.37. Distoshoni haijui kwamba ni mbili. Inaona volti moja tu inayopanda na kushuka. Inapoikata, inazaa masafa ambayo si ya noti yoyote kati ya hizo: mara mbili ya ya kwanza ukitoa ya pili, yaani 325.63, na mara mbili ya ya pili ukitoa ya kwanza, yaani 668.74. Ile 325.63 iko karibu na E ya 329.63, lakini si E. Ni jirani anayeimba huku amekosa sauti. Ongeza noti ya tatu uone majirani wanavyoongezeka. Hayo ndiyo matope yangu. Hakuna moduli ya bei yoyote itakayoyaondoa, kwa sababu moduli haijaharibika. Inafanya hesabu sahihi kwa swali baya.

Hii pia ndiyo sababu wapiga gitaa wa roki wanapenda noti mbili zilizoachana kwa hatua ya tano. A ya 440 na E ya 659.26 zikikatwa zinazaa 220.74, ambayo ni A ya chini karibu kabisa. Masikio yao yalifika huko bila kikokotoo.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Ukiwa na vichujio viwili usivyovisukuma hadi vikaanza kukata, unaweza kuvibadilishana nafasi na hutasikia tofauti. Distoshoni si hivyo. Distoshoni kisha kichujio, na kichujio kisha distoshoni, ni vyombo viwili tofauti vilivyotengenezwa kwa vipande vilevile. Mwanaprogramu yeyote anajua kwamba f ya g si lazima iwe g ya f. Kwa hiyo "inakaa wapi?" ni swali kubwa kuliko "ni ya kampuni gani?", na jibu lake ni la bure. Ni kuchomoa waya tu.

Iweke mara tu baada ya osileta moja, kabla ya kichujio. Osileta maskini inakuwa tajiri wa hamoniki, na kichujio kinapata kitu cha kuchonga. Don Buchla wa California alilijua hili zamani: osileta yake ya 259, ya miaka ya 1970, ilikuwa na sehemu ya kukunja wimbi ndani yake. Hakungoja mwisho.

Iweke baada ya kichujio ambacho umeongeza resonansi, na ule mlio wa resonansi unabanwa na kuanza kuimba. Ukitaka noti tatu, ipe kila noti distoshoni yake kisha ndipo uzichanganye. Kama unayo moja tu, kama mimi, rekodi noti moja moja.

Halafu kuna VCA. Ukiiweka kabla ya distoshoni, kila mara sauti inapokua, inakuwa chafu zaidi; inapofifia, inajisafisha. Inapumua. Ukiiweka baada, uchafu ni uleule tangu mwanzo hadi mwisho, ni ukubwa tu unaobadilika. Katika Eurorack sauti ya osileta huwa kama volti 10 kutoka kilele hadi bonde, kwa hiyo ipunguze kwanza, kisha uipandishe polepole usikie mahali inapoanza kuuma. Ukichanganya humo volti ndogo isiyobadilika, wimbi linakatwa upande mmoja kuliko mwingine, na zinatokea hata hamoniki za mara mbili na mara nne. Yote haya bila kununua kitu.

Nasikia mtu akisema: wewe una moduli, sisi je? Naam, hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. VCV Rack, programu iliyotoka mwaka 2017, ina toleo la bure, na msimbo wake uko wazi. Fungua, unganisha, jaribu kila mpangilio niliotaja kabla hujakopa hata shilingi. Kama unaandika programu, distoshoni laini ni funksheni ya tanh, mstari mmoja. Ila chunga: ukiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, huwezi kubeba masafa yanayopita 22,050. Noti ya Hertz 5,000 ikikatwa inataka kutoa 25,000. Haipati nafasi, inageuka na kurudi kama 19,100. Ile ya 35,000 inarudi kama 9,100. Hizo si hamoniki zako, hiyo ni mizimu. Ongeza sampuli mara nne kabla ya kukata, chuja, kisha rudi chini. Mizimu inapungua sana.

Na tusidanganyane kwamba sauti chafu ni anasa ya wenye vifaa vya ng'ambo. Konono No. 1 wa Kinshasa, chini ya Mawangu Mingiedi, walipaza likembe zao kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na maikrofoni za kujitengenezea. Mwaka 2004 albamu yao Congotronics ilitoka na dunia ikashangaa. Ule mkwaruzo ulikuwa ndani ya likembe yenyewe kama ilivyonaswa na sumaku zao, si pambo la kumwagia juu mwishoni.

Je, distoshoni mwishoni ni haramu? La. Kwa ngoma, kidogo tu, inaweza kufunga vitu pamoja vikasikika kama kitu kimoja. Mimi mwenyewe hufanya hivyo. Napinga kuifanya sheria, na napinga zaidi kumwambia kijana mwenye mkopo kwamba tatizo ni mfuko wake wakati tatizo ni waya.

Zile siku tisa? Usiku wa siku ya tano nilichomoa kila kitu. Osileta moja, VCA, distoshoni, kichujio. Wachezaji walipokanyaga taratibu sauti ilikuwa safi, na waliporuka ilinguruma. Binamu yangu aliniuliza nimenunua kifaa gani kipya.

Mkopo nilimaliza kulipa mwezi uliopita. Moduli ni ileile. Kama unapinga, andika hapo chini, lakini kwanza nenda ukahamishe waya mmoja.