Kijana akiandikiwa 'anfit', kisha nini?

Vijana wetu wa Pwani hawaishi kujipanga kupimwa afya kabla ya kwenda Ghuba kutafuta kazi. Miongoni mwa vipimo hivyo ni cha homa ya ini aina ya B. Anayepatikana nayo huandikiwa anfit, akarudi nyumbani na karatasi mkononi. Viza imekwenda, pesa za wakala nazo hivyo hivyo. Na nyumbani wapo wanaoanza kumtengea sahani yake mbali na sinia.

Hili la sinia halina msingi hata kidogo. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa. Kula pamoja hakuambukizi.

Sasa karatasi ile yasema nini hasa? Kipimo hutafuta kwenye damu protini ya ganda la nje la kirusi. Mmarekani Baruch Blumberg ndiye aliyeigundua miaka ya 1960, katika damu ya mwenyeji asilia wa Australia, na mwaka 1976 akapata tuzo ya Nobel. Ikionekana, kirusi kimo mwilini. Ini limeumia kiasi gani, haisemi.

Hilo huulizwa ini lenyewe. Daktari hutoa kwa sindano kipande chembamba kama uzi, kikatiwa rangi maalumu na kutazamwa kwa hadubini. Hapo protini za kirusi huonekana ndani ya seli zenyewe, na makovu ya ini pia. Siku hizi wengi hawafikishwi kwenye sindano hiyo. Vipimo vya damu na mashine maalumu hukadiria makovu.

Protini ikikaa kwenye damu zaidi ya miezi 6, ugonjwa huitwa sugu. Hata hivyo si kila mtu huhitaji dawa, na anayehitaji, tenofovir ipo, ile ile iliyomo kwenye ARV. Asiyefuatiliwa ndiye hushtukia saratani au ini limeshakauka.

Kliniki iliyomtoza kijana ada inashindwaje kumwandikia mstari mmoja wa rufaa? Na mkewe je, nani atampima? Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Sisi wa miaka arubaini na kitu chanjo hiyo ilitupita. Mwenye karatasi ile asiichane. Aende nayo hospitali ya kaunti, na mkewe afuatane naye.