Vazi la Taifa Halishonwi na Kamati

Kila baada ya miaka michache suala la vazi la taifa hufufuka nchini mwetu. Kamati huundwa, wabunifu huitwa, michoro hukusanywa na hotuba husomwa; kisha mambo hutulia kimya mpaka mjadala mwingine utakapozuka. Wenzetu wa Ghana wanayo kente, wa Nigeria wanayo agbada, nasi tunaendelea kuulizana: je, Mtanzania ajulikane kwa lipi?

Swali hilo si baya, ila limejengwa juu ya msingi mbovu. Linadhani kwamba vazi la watu ni kitu cha kubuniwa ofisini, kupitishwa kikaoni na kutangazwa kwa waraka. Historia yetu wenyewe inakanusha dhana hiyo, na ushahidi wake umo katika kila nyumba ya Mtanzania, umekunjwa sandukuni au umetandazwa kambani ukikaushwa. Ushahidi huo ni kanga.

Katika karne ya 19 vazi la mtumwa katika Unguja na mwambao wetu lilikuwa merikani na kaniki. Merikani ilikuwa nguo nyeupe isiyo na nakshi, iliyoletwa na majahazi ya wafanyabiashara wa Marekani, na jina lake linatoboa asili yake. Kaniki ilikuwa nguo hiyo hiyo ya bei ndogo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Mtu aliyevaa hivyo alitambulika hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake waliokuwa watumwa hawakungoja mtu awaeleze maana ya uhuru. Waliivua kaniki, wakajitanda kanga. Nguo yenye rangi na maua ikawa tangazo, linalosomwa na kila mpita njia, kwamba aliyeivaa si mali ya mtu tena.

Hakuna sultani aliyeamuru hayo, wala balozi wa Mwingereza hakuyapendekeza. Wanawake maskini waliamua, wakatumia senti zao chache, na uamuzi wao umedumu kuliko utawala wa hao wote.

Tena hawakuishia kuivaa tu, bali waliifanya isemi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji, zamani kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Kwa maneno hayo mke humjibu wifi, jirani humwonya jirani, na mtoto humshukuru mzazi, pasipo mtu kuinua sauti. Mwanamke anayevaa kanga iliyoandikwa “Wema hauozi” amekwisha kusema, na anayehusika amekwisha kusikia. Kanga humpokea mtoto anapozaliwa na kumfunga mgongoni mwa mama yake. Bibi harusi wa pwani huvaa kisutu. Na msibani kanga huonekana kuliko nguo nyingine yoyote. Imetangaza uhuru, imefanya kampeni za uchaguzi, imehimiza chanjo. Nguo gani iliyobuniwa na kamati inaweza kufanya kazi hizo zote?

Wapo watakaosema kwamba kanga si yetu hasa, kwa kuwa kwa miaka mingi imechapwa India, Uholanzi, Uingereza na Japani. Hoja hiyo inasikika ya kisomi lakini haina uzito. Shanga za kioo wanazovaa Wamaasai zilitoka Ulaya, na hakuna anayethubutu kusema kwamba mpangilio wa rangi zake ni wa Kizungu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya mbao za viwandani. Lakini picha zilizotoka mkononi mwake hazikuwa za mtu mwingine duniani. Kitu huwa cha watu kwa kazi wanayokipa na kwa maana wanayokitia. Mahali kilikotengenezwa ni suala la pili. Ni suala zito, nami nitalirudia, lakini ni la pili.

Upande wa pili wa historia nao una fundisho. Mnamo mwaka 1967 na 1968 iliendeshwa operesheni ya kuwavua Wamaasai lubega, ngozi na udongo mwekundu, na kuwavisha suruali kwa jina la maendeleo. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua kuanzia Januari 1, 1969. Operesheni ya kwanza ilimwambia Mmaasai kwamba mavazi ya babu zake ni aibu kwa taifa. Ya pili ilimwambia msichana wa mjini kwamba mavazi ya kigeni ni aibu kwa taifa. Mtu makini angeuliza: basi Mtanzania avae nini? Nia ya kupambana na kasumba ilikuwa njema, lakini kipimo cha heshima kilichotumika dhidi ya Mmaasai kilikuwa kile kile cha mmisionari na bwana shauri. Leo Mmaasai huyo huyo mwenye lubega yake ndiye anayepamba matangazo ya utalii na milango ya mahoteli yetu. Alichohimizwa kukivua kama ushamba, sasa tunakiuza.

Viongozi nao, walipoiacha tai ya Kiingereza, wengi waliishia kuvaa suti iliyopewa jina la Chou En-lai, Waziri Mkuu wa China. Ilikuwa ishara nzuri ya kujitenga na mkoloni, lakini haikushuka hadi kijijini wala haikurithiwa na vijana. Amri hubadilisha mavazi ya ofisini kwa muda. Haijengi mapenzi moyoni.

Nirudie sasa suala la utengenezaji. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mjini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, vikawepo pia vya Mwanza na Musoma, na kwa miaka kadhaa pamba ya mkulima wa Usukuma ilisokotwa, ikafumwa na kupigwa chapa hapa hapa, ikawa kanga na kitenge. Uchumi ulipoyumba na milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda hivyo vilidhoofika, mitumba ikajaa masokoni, na leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa imechambuliwa tu. Kanga nyingi zinazouzwa Kariakoo zimechapwa ng'ambo. Hekima ni ya bibi zetu, lugha ni ya kwetu, pamba tunalima sisi, lakini faida ya kuviunganisha vitatu hivyo humwendea mwingine. Huo ndio unyonge wa kuzungumziwa na kamati zetu, kuliko urefu wa kola na idadi ya vifungo.

Ndugu walimu na watumishi wa umma wana nafasi kubwa katika jambo hili. Shuleni, ngoma na mavazi ya asili hutolewa kabatini anapokuja mgeni rasmi, kisha hurudishwa kabatini gari lake linapoondoka. Mtoto hujifunza kwamba utamaduni ni mapambo ya kuwafurahishia wakubwa. Mwalimu anaweza kubadili hali hiyo bila kungoja fedha wala waraka: awape wanafunzi wake kazi ya kukusanya majina ya kanga za mama na bibi zao, wayaandike, wayachambue, waulize yalinunuliwa lini na yalimlenga nani. Watapata fasihi, historia na sarufi katika doti moja.

Ofisini nako, mtumishi aliyefungwa tai katika joto la Dar es Salaam ajiulize ni nani aliyemfundisha kwamba hiyo ndiyo sura ya heshima. Na mwenye dhamana ya ununuzi, anapoagiza sare na vitambaa vya sherehe, aulize kwanza pamba ni ya wapi na chapa imepigwa na nani.

Vazi la taifa tunalo, na si moja. Wanawake wa 1897 walilipata kwa kujua wanataka kuwa nani. Tukijua hilo, mshonaji hatakosekana. Tusipolijua, hata kamati mia zitatushonea nguo ya kuvaa siku ya sherehe tu.